Bodi Iliyolilia Jina

Nilikwenda kwa fundi simu kubadilishiwa tundu la kuchajia, nikajikuta nimekaa kwenye benchi lake machozi yananitoka kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Fundi, kijana mwenye adabu zake, alidhani moshi umeniingia machoni, akageuza feni upande mwingine. Nikamwomba aiache. Ule moshi ndio niliokuwa nautaka. Ni moshi wa risasi ya kulehemia inapoyeyuka pamoja na ile gundi ya manjano wanayochovyea ncha ya chuma cha moto, na unanukia kama utomvu wa msonobari uliodondokea jikoni. Watu wa rika langu ukiwauliza harufu ya utoto wao watakutajia mandazi, au udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Mimi yangu ndiyo hiyo, na sijawahi kumpata wa kushirikiana naye.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kamunyonge, kando ya ziwa. Chumba cha uani, ambacho baba alikuwa akiwekea nyavu kabla hajahamishia shughuli zake zote kisiwani Rukuba, alipewa mama mdogo Nyangeta alipokuja kukaa nasi. Huyu alikuwa mdogo wake mama, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja nje ya Bunda, huko kwenye mashamba ya pamba. Alikuja na begi la nguo, kompyuta ndogo ya kuazima, na katoni iliyoandikwa kwa kalamu nene USIFUNGUE, neno ambalo kwangu mimi, niliyejua kusoma juzi tu, lilikuwa mwaliko. Nikaambiwa amekuja kupumzika. Nikaambiwa pia kwamba damu yake imepungua. Nilimchunguza mikono na miguu nikitafuta mahali ilipomwagikia, nisione hata kovu, nikaamua kwamba watu wazima wamekosea.

Wala hakupumzika. Asubuhi mama akishatoka kwenda sokoni, katoni inafunguliwa, meza inajaa nyaya, vitaa vidogo kama punje za mahindi, na yule niliyemwogopa kuliko vyote: kitu cheusi chenye miguu mingi ya chuma, ambacho mama mdogo alikiita mende. Mende ndiye mwenye akili, alisema. Unamwandikia maagizo kwenye kompyuta, unamtumia kwa waya, na tangu hapo anatii: washa taa hii, zima ile, piga kengele, subiri mpaka kitufe kibonyezwe. Umeme ukikatika hasahau. Mimi nilikuwa nasahau hata kufunga mlango wa banda la kuku, kwa hiyo huyo mende nilimchukulia kama mtu wa kuheshimiwa.

Alichokuwa anatengeneza kilikuwa bodi ya kufundishia. Aliniita mwenzangu, na alinieleza kama anavyoelezwa mwalimu mwenzake, bila kupunguza kitu.

"Mwenzangu, wanafunzi wangu wanafauluga umeme bila kuugusa. Wakiulizwa taa inawakaje, wanachora taa. Hata mimi nilisomaga hivyo hivyo. Nimefika chuo, naogopa betri!"

Bodi za namna hiyo zilikuwapo, zikiletwa kutoka nje, lakini alizilaumu kwamba vitu vyake vimebanana kama dagaa guniani, mtoto haoni kipi kinakwenda wapi. Yake aliitaka iwe na nafasi. Iwe ukubwa wa kiganja, na njia za shaba pana, mtu aweze kuufuata umeme kwa kidole kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa na kurudi. Kila kitu kiandikwe jina lake kwa Kiswahili. Na shaba yenyewe isipakwe rangi, ibaki wazi, kwa sababu alitaka waiguse. Hilo la kugusa alilirudia mara nyingi, nami nikalishika bila kujua nitakuja kulihitaji.

Njia alizichora mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kibao cha shaba, kisha akakizamisha kwenye beseni lenye dawa inayokula shaba. Palipo na wino panasalimika, kwingine kote panaliwa. Mimi nilikatazwa kusogea, nikawa naangalia kutoka mlangoni jinsi maji yanavyobadilika rangi, na humo mlangoni nikapata jibu la ile damu. Kuna dawa mahali fulani ndani yake inakula. Nilitamani kumuuliza kama naye wamemchora kwa wino pale panapotakiwa kubaki, nikaona aibu. Mara nyingine alilaza paji la uso ukingoni mwa meza, akakaa hivyo muda mrefu, na mama akirudi sokoni anamkuta.

"Nyangeta, wewe utapumzikaga lini? Umekuja kupona ama umekuja kufungua kiwanda?"

"Dada, ni hii moja tu. Hii ikifanya kazi, mwenzangu kule shuleni ataiiga, watoto watapata. Isipofanya kazi, hakuna kitu cha kuiga. Nitakuwa nimewaachia michoro."

Sikupenda lile neno nitakuwa nimewaachia. Mama pia hakulipenda, maana alitoka akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Miezi hiyo mama alijifungua mdogo wangu wa kiume, na bibi mzaa mama akaja kutoka Butiama kumtunza mzazi. Bibi alikuwa mtu wa kwenda kanisani asubuhi na kutimiza mila mchana, na sikuwahi kuona vitu hivyo viwili vikigombana ndani yake. Siku chache baada ya kufika kwake, mtoto alilia. Akanyonyeshwa, akalia. Akaogeshwa, akalia. Mama akawa analia naye. Bibi akasema hakuna ugonjwa hapo, mtoto analilia jina. Akampakata, akaanza kuwaita waliotangulia, mmoja mmoja, taratibu, kama anayegonga milango ya majirani kuuliza nani yupo.

"Masatu, ni wewe? Kama ni wewe nyamaza, nyonya. Siyo? Haya. Manyama, ni wewe?"

Alipotaja Magesa, jina la kaka yake aliyekufa zamani, mtoto akanyamaza, akashika ziwa. Bibi akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso kumbariki, na tangu siku hiyo mdogo wangu ni Magesa. Mimi nilikuwa nimesimama pale mdomo wazi. Nikauliza mbona hakumtaja baba.

"Baba yako si yupo? Anayeitwaga ni aliyekwisha kwenda. Mzima huwezi kumuita hivyo, ni kumfungulia mlango." Akanitazama kuhakikisha nimesikia. "Usije ukacheza na hiyo kitu."

Nilisikia. Shida ya mtoto ni kwamba akisikia jambo moja la maana analipeleka kila mahali.

Bodi ilipokwisha kulehemiwa, mama mdogo alimtumia mende maagizo mepesi kabisa: kitufe kikibonyezwa, kengele ilie, kikiachwa inyamaze. Akaunganisha betri ya simu ya tochi. Bodi ikalia. Hakuna aliyebonyeza kitu. Ililia sauti nyembamba ya puani, ikikatika na kurudi, na haikukoma mpaka betri ilipotolewa. Akakagua maungio yote kwa kioo cha kukuzia, akaunganisha tena, ikalia tena. Siku zikapita hivyo. Kila ikilia mama mdogo alikonda kidogo, au ndivyo nilivyoona mimi, na mama alikuwa amekwisha kusema hicho kidude ndicho kinachomnyonya.

Mchana mmoja alitoka ghafla kukimbilia chooni akiwa ameziba mdomo, akaiacha mezani inalia. Nikabaki nayo peke yangu. Nilikuwa najua la kufanya. Nilipanda kigoda, nikaegemea meza, nikaisogelea kama bibi alivyomsogelea Magesa, nikaanza. Masatu, ni wewe? Manyama? Nikataja wanawake, kwa sababu labda ni ya kike: Nyabise, Nyamumwi. Ikalia tu. Nikaishiwa wafu. Wangu walikuwa wachache, na sikuwa na mtu wa kuniazima wake. Mdomo ukawa umeshazoea kutaja, na jina lililofuata likatoka lenyewe, la mwenye chumba.

"Nyangeta, ni wewe?"

Bodi ikanyamaza.

Sijui kama nimewahi kuogopa namna ile tangu hapo, na nimekwisha kuogopa mambo makubwa zaidi. Nilibaki nimeganda juu ya kigoda, mkono umeng'ang'ania kibao cha shaba, nasikia maji ya chooni yanamwagwa. Kisha nikaruka, nikamkimbilia bibi, nikamwambia yote. Kule nyuma bodi ikawa imeanza kulia tena, lakini hilo halikunifikia akilini.

Bibi hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aliweka chini ungo wa mchele, akaenda uani, akasimama mlangoni mwa kile chumba bila kuingia.

"Nyangeta, mwanangu. Hii kitu itoke hapa nyumbani. Imeitwa jina lako."

"Mama, ni kengele tu hii."

"Mimi sijui kengele. Najua imelia kama mtoto, ikaitwa, ikaitika. Na wewe unaumwa. Itoke leo, ikatupwe ziwani huko."

Mama naye akaja na Magesa begani, akaunga mkono, na mara ya kwanza nikamwona mama mdogo akipandisha sauti kwa wakubwa zake. Alisema: "Nikiitupa hii, mimi nitakuwa nimefanya nini? Niambieni. Nimezaa? Nimejenga? Nina hii!" Akaizungushia mikono yote miwili. Bibi akaketi chini, akanyoosha miguu, akajifunika khanga usoni, na mimi nilitamani sana dunia irudi nyuma kidogo tu, mpaka pale kabla sijapanda kigoda.

Baadaye aliniita. Nilidhani ndio fimbo. Akafunga mlango, akaunganisha betri, bodi ikaanza kulia, akasema, "Panda kigoda. Simama vilevile ulivyosimama."

Nikapanda. Akanitazama mikono kwa makini yake ya darasani. "Huo wa kushoto ulikuwa wapi?" Nikaweka pale nilipokuwa nimeshikilia, ukingoni, kidole gumba juu ya shaba. Ikanyamaza. Sikuwa nimesema hata neno. Akanitoa kidole, ikalia. Akakirudisha, ikanyamaza. Basi mama mdogo alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika ubavu, akanikumbatia huku analia.

"Mwenzangu, umenitafutia kosa langu! Angalia." Akanionyesha mguu mmoja wa mende, ule unaosubiri kitufe. "Huu nimeusahau. Kitufe kisipobonyezwa, unatakiwa ushikizwe upande wa chini, ule hasi wa betri, ndiyo ujue kwamba kumetulia. Mimi nimeuacha unaning'inia hewani. Ukiachwa hewani unasikiaga kila kitu, unadhani unaitwa. Kidole chako kimeushikiza."

"Kwa hiyo siyo jina?"

"Siyo jina. Ni kidole."

Nikashusha pumzi yote niliyokuwa nayo. Lau mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Lakini bibi alikuwa hajala tangu asubuhi, na kidole hakikumwingia akilini. Mama mdogo alijaribu kumweleza, bibi akasema tu, iitwe upya, ichukue la aliyekufa, la sivyo mimi narudi Butiama na mtaniona kwenye msiba. Mama mdogo akafikiri. Akasema sawa, mama, iite. Ikaletwa meza sebuleni, bodi katikati, inalia. Bibi akavua viatu. Akaanza kuita kwa ile sauti yake ya kugonga milango, na kila jina akangoja, na bodi ikaendelea kulia. Mimi nilikuwa upande wa mama mdogo, macho yangu usawa wa meza. Bibi alipofika kwa babu, marehemu mumewe, sauti ikalegea.

"Masatu, ni wewe?"

Nikaona kidole cha mama mdogo kinatambaa polepole kutoka chini ya ukingo, kinatua juu ya shaba.

Kimya. Bibi alipiga makofi kwenye mapaja, akalia, akaitemea bodi mate ya baraka, akaiita mume wangu, akaomba chai. Jioni ile alikula ugali mwingi. Mama mdogo aliniangalia akanikonyeza, maana tulikuwa wawili tuliojua. Yeye alidhani amenipa siri ya kuchekea. Kumbe alinipa sumu, bila kukusudia, kwa upendo mtupu.

Maana nilianza kufikiri. Kidole kimemdanganya bibi ili atulie. Mimi nami si nilikuwa sijatulia? Mimi nami si nilifungiwa mlango, nikaonyeshwa kidole, nikaambiwa siyo jina? Kama mtu anaweza kumfanyia hivyo mama yake mzazi, atashindwaje kunifanyia mimi? Tena walikuwa na mazoea nyumba nzima: homa kidogo tu, amekwenda Mwanza kusalimia, atapona karibuni. Katika maneno yote niliyoambiwa mwaka ule lile la kidole pekee ndilo lililokuwa kweli tupu, nami ndilo nililolikataa.

Kesho yake alilehemu kile kipande kilichokosekana, kidogo, chembamba, chenye mistari ya rangi, kutoka kwenye ule mguu hadi upande wa chini. Chumba kikajaa ule moshi. Bodi haikulia tena bila kubonyezwa. Ilifanya kazi kama alivyotaka: taa ziliwaka kwa zamu, kengele ilitii, njia za shaba zilionekana wazi, na maandishi yake, BETRI, TAA, KITUFE, yalisomeka hata na mimi. Alinipa niwe mwanafunzi wa kwanza. Nilibonyeza kitufe, nikaachia. Lakini sikuwa naangalia bodi. Nilikuwa naangalia vidole vyake, vilivyokuwa vimekonda hadi pete imehamia kwenye kidole kikubwa, nikitafuta kinachofichwa.

"Mwenzangu, siku hizi mbona huniangaliagi usoni?"

Nikasema naangalia. Alikuwa amevaa kitambaa kichwani, begi liko mlangoni, gari la kumpeleka hospitali Mwanza linamsubiri. Akasema akirudi tutatengeneza ya pili, yangu mwenyewe. Nikamtazama mikono. Ilikuwa imekaa mapajani wazi, haifanyi chochote.

Hakurudi. Tulimzika Butiama, nyuma ya nyumba ya bibi, karibu na babu. Wanafunzi wake walikuja kwa lori, wakaimba vizuri sana, na yule mwalimu mwenzake akaishika bodi kwa mikono miwili, akasema ataifuata shule zikifunguliwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba alihamishwa mkoa. Hakuna aliyekuja. Mama aliitia kwenye kopo la maziwa ya Magesa, akaliweka juu ya kabati, na hakuna mtoto wa Bunda aliyeufuata umeme kwa kidole. Bibi, mpaka anakufa, alikuwa akiuliza, mume wangu hajambo huko juu ya kabati? Mimi sikumjibu hata mara moja. Nilijua jina lililokuwa mle, na nilijua nani alilitaja.

Nimeishi na hilo, nimesoma nalo, nimezaa nalo. Ukubwani nilielewa maana ya mguu kuachwa hewani, nikaweza hata kumweleza mtu. Kuelewa ni kitu kimoja. Yule mtoto juu ya kigoda hakuwahi kushuka.

Kwa hiyo juzi, nilipotoka kwa fundi simu, nilikwenda kwa mama Kamunyonge, nikashusha kopo. Kesho yake nikarudi na bodi kwenye kile kibanda, nikamwonyesha fundi kile kipande chenye mistari ya rangi, nikamwomba akitoe.

"Dada, hii ukiitoa itasumbua."

"Najua. Itoe."

Aliigeuzageuza kwanza, akaufuata umeme kwa kidole kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa, hakuna aliyemwambia. "Nani alichora hii? Safi sana," akasema. Akakitoa, moshi ukapanda.

Niliunganisha betri mchana, kwenye chumba cha uani, ambacho siku hizi mama anawekea mkaa. Mende hakuwa amesahau. Ikalia, sauti ileile nyembamba ya puani. Nikaiweka juu ya gunia, nikarudi nyuma hatua, nikafunga mikono nyuma ya mgongo. Nikaita. Nikaanza na Masatu, nikapita kwa Manyama, nikamwita na bibi, ambaye sasa naye anaweza kuitwa. Ikalia. Nikasema, Nyangeta, ni wewe? Ikalia. Nikasema tena, kwa sauti, nikisubiri kila mara kama nilivyofundishwa, Nyangeta, ni wewe? Sasa alikuwa na haki ya kuitika, hakuna tena mlango wa kuogopa kuufungua. Ikaendelea kulia, haikujua jina lolote, na mikono yangu ilikuwa nyuma ya mgongo.

Alikuwa ameniambia kweli. Siku zake za mwisho alikaa nami chumba hiki akiniambia kweli, na mimi nikawa namtazama vidole.

"Nani analia huko?" mama akauliza kutoka jikoni.

Nikatoa mkono mgongoni, nikaweka kidole juu ya shaba.